Barua kwa mwanangu: kikundi chako cha kujaribu programu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Barua yako imefika, nasi huku hatujambo. Unasema wewe na wenzako wachora ramani mnataka kuanzisha kikundi cha kujitolea, mjaribu matoleo mapya ya programu za OpenStreetMap, ile ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea mtandaoni, kabla hayajawafikia watu wote. Unachohofia ni kwamba watu watakuja na hamasa wiki mbili, kisha watajitoa mmoja mmoja. Unauliza utawashikaje.

Uwajibu kila wanapoandika. Nikueleze nilikojifunzia hili.

Kwenye kampuni moja niliyofanyia kazi zamani kulikuwa na mtunza stoo aliyetumia programu yetu kila siku. Siku moja akaandika kwamba akiingiza mzigo kisha akirudi ukurasa wa nyuma, mzigo uleule unahesabiwa mara mbili. Hakuna aliyemjibu, nami nikiwemo. Akaandika tena, kimya. Mara ya tatu hakuandika. Kasoro ile tuliigundua wakati wa kufunga hesabu za mwaka, na nilipomfuata stoo akanifungulia daftari: tarehe, aina ya mzigo, idadi halisi, idadi iliyoonyeshwa na kompyuta, mstari kwa mstari kwa wino wa bluu, miezi saba. Mpaka leo linaniuma. Alikuwa tayari kutusaidia, sisi tukamnyamazia.

Kwa hiyo kabla hujatafuta wajaribu, tafuta mpokeaji wa ripoti, hata kama ni wewe mwenyewe. Asome kila ripoti siku ileile, arudie hatua zilezile kwenye mashine yake, kisha amwambie mwenzake, "Hata mimi imenitokea," au, "Kwangu haikutokea, unatumia simu gani?" Kasoro ikirekebishwa, aliyeileta aambiwe imerekebishwa kwenye toleo lipi. Mpokeaji huyo ndiye pia atakayetafsiri, maana watengenezaji wanafanya kazi kwa Kiingereza, na ukiwalazimisha wenzako waandike Kiingereza, nusu yao hawataandika kabisa. Waache waandike kama wanavyoongea, mradi wataje walibonyeza nini, walitarajia nini, na wakaona nini.

Anzeni watu watano na programu moja. Ningeanza na JOSM, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani hiyo, kwa sababu mmeizoea tangu 2015, mlipozunguka mitaa ya Dar es Salaam na mradi wa Ramani Huria mkichora nyumba na mitaro kwa ajili ya mafuriko. Tena JOSM hutolewa kwa namna mbili: toleo lililokwisha kujaribiwa, na toleo la karibuni kabisa, ambalo bado linatafuta macho ya watu kama ninyi. La kwanza libaki la kazi, la pili liwe la majaribio. Kwenye menyu ya msaada kuna ripoti ya hali inayotaja toleo la JOSM, toleo la Java (programu inayoiendesha) na mfumo wa kompyuta. Kila mtu aibandike chini ya maelezo yake, itawaokolea maswali mengi.

Ila nakusihi, mtu asijaribu kwenye ramani halisi. OpenStreetMap ina seva yake ya majaribio, yenye akaunti za peke yake. Huko choreni barabara za uongo mpendavyo. Ukiisahau moja kwenye ramani halisi, kuna bodaboda ataifuata usiku akiwa na mgonjwa nyuma.

Sasa lile la duka la dawa ulilonisimulia, nimelifikiria sana. Kijana wenu alisoma mlangoni "Saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni", akaandika 02:00-12:00. Ramani inataka 08:00-18:00. Kikagua makosa cha programu hakikulalamika, na hakiwezi, kwa sababu 02:00-12:00 ni saa zilizoandikwa kwa utaratibu sahihi. Mtu aliyeko Ujerumani anaweza kuijaribu programu hiyo miaka kumi asilione tatizo hili, kwa kuwa haishi katika saa za Kiswahili. Ninyi mnaishi humo. Hapo ndipo kikundi chenu kina kitu ambacho watengenezaji hawawezi kukipata kwingine, pamoja na simu za bei nafuu, bando linaloisha katikati ya kutuma, na maneno yetu marefu yanayokatwa kwenye kitufe kilichopimwa kwa maneno mafupi.

Msiishie kulalamika, pendekezeni: pengine programu iulize "asubuhi au usiku?" pale mtu anapoandika duka linalofunguliwa saa nane za usiku.

Ripoti hiyo iwe ya kwanza ya kikundi. Mwache kijana aliyekosea aiandike mwenyewe, kwa jina lake, maana yeye ndiye aliyeiona. Kabla hamjaituma niletee niisome. Jumamosi nitakuwa nyumbani mchana kutwa.

Mama yako anakusalimu, na amekuwekea dagaa.

Baba yako