Maswali ya Wasomaji: Zawadi kwa Mpenda Milima

SWALI: Ndugu Mshauri, mume wangu hupanda milima pamoja na wenzake wa kazini, na Desemba hii wanakusudia kwenda Meru kwa mara ya kwanza. Mwaka jana nilimpa kinyago cha mpingo chenye umbo la Kilimanjaro. Alinishukuru sana, akakiweka juu ya kabati, na hapo kipo mpaka leo. Safari hii nataka kumpa kitu atakachokitumia, lakini madukani naona vifaa vingi nisivyovielewa, na uwezo wangu hauzidi shilingi laki moja. Nimchagulie nini?
Mama Salma, Morogoro

JIBU: Mama Salma, kumbuka kwanza kwamba chochote utakachompa mpanda mlima atakibeba mgongoni kwa saa nyingi, tena kwenye mwinuko, kwa hiyo uzito wa zawadi ni sehemu ya bei yake, na mwenye kuulipa ni yeye. Seti za vyombo vya kupikia, visu vyenye vipande chungu nzima na makopo ya mapambo hupendeza dukani, lakini shanta inapopangwa usiku wa kuamkia safari ndivyo vinavyotolewa mwanzo.

Kwa kuwa umeutaja mlima wenyewe, chagua kwa kuufuata. Kilele cha Meru kina urefu wa mita 4,566, na wapandaji wengi huondoka kwenye kibanda cha Saddle, kilicho kwenye mita 3,570, karibu na usiku wa manane ili wafike juu kunapopambazuka. Maana yake ni kwamba sehemu ngumu kuliko zote, yenye miamba inayotaka mikono yote miwili, hupandwa gizani. Kama mumeo hana taa ya kuvaa kichwani, au anayo ile hafifu ambayo mwanga wake hufifia kabla ya alfajiri, hiyo ndiyo zawadi yako. Tafuta nyepesi, isiyoingia maji ya mvua, ambayo swichi yake inabonyezeka mtu akiwa amevaa glovu, kisha uongeze seti ya betri za akiba. Mwambie azilaze betri hizo mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwa sababu baridi huzipunguzia nguvu.

Ikiwa taa anayo, nunua soksi. Najua soksi hazina fahari ya zawadi, lakini huisha, na mpanda mlima hana siku atakayosema anazo nyingi mno. Ziwe za sufu, au za sufu iliyochanganywa na nailoni, ndefu kupita ukingo wa buti. Za pamba hushika jasho, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa kutwa nzima huota malengelenge. Glovu na kofia ya sufu inayofunika masikio pia hazitalala kabatini, maana joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na karibu na kilele maji yaliyo ndani ya mrija wa kunyonyea huweza kuganda. Kwa sababu hiyo chupa yenye mdomo mpana ni bora huko kuliko mfuko wa maji wenye mrija. Hubebwa ikiwa imepinduliwa, kwa kuwa maji huanza kuganda kwa juu.

Kama bado unasita, mchangie gharama za safari yenyewe. Mbali na ada ya hifadhi na malazi ya vibandani, kupanda Meru kunalazimu kufuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwani njia ya chini hupita katika malisho ya nyati. Bahasha yenye ujumbe mfupi kwa mkono wako haimwongezei hata gramu moja.

SWALI: Binti yangu amejiunga na kikundi kinachopanda Longonot na milima mingine. Nataka kumshtukiza kwa buti nzuri za mtumba kutoka Gikomba. Je, ni wazo jema?
Baba Wanjiru, Nairobi

JIBU: Mzee, buti ni wazo jema, ila usimshtukize. Namba iliyoandikwa ndani hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na buti inayobana kidogo dukani huumiza kucha wakati wa kuteremka. Nenda naye, ikiwezekana jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na avae soksi atakazotumia mlimani. Kuhusu mtumba, zikunje buti kwa nguvu na uchunguze mahali soli inapoungana na ngozi. Soli nyingi zina tabaka la povu ambalo huchakaa kwa umri hata kama buti hazikuvaliwa, kwa hiyo jozi inayong'aa kama mpya inaweza kubanduka soli katikati ya njia. Ukiona nyufa au unga unga, irudishe. Kama ni lazima awepo mshangao, mwongezee chupa ya chuma: tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa za Kenya, na Longonot ni mojawapo.

SWALI: Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 63, anapenda kutembea milima ya Usambara lakini hulalamika magoti. Nimpe nini?
N. M., Lushoto

JIBU: Mpe jozi ya fimbo za kutembelea milimani, zile zinazorefushwa na kufupishwa. Wakati wa kuteremka hupunguza mzigo unaoangukia magoti, hasa akizirefusha kidogo kuliko alivyozishika akipanda. Chagua zenye kufungwa kwa klipu badala ya kuzungushwa, kwa sababu za kuzungusha huweza kuteleza zikipata tope au vumbi, nawe unazijua njia za Lushoto wakati wa masika. Maumivu yakiwa ya muda mrefu, apelekwe kwanza kwa daktari; fimbo zitamsubiri.