Kipimo cha Mwaloni: maneno kwa mliobatizwa Pasaka hii

Wadogo zangu mliobatizwa Mkesha wa Pasaka, karibuni. Nguo nyeupe zimeshafuliwa na kukunjwa, picha mmewatumia ndugu wa Sengerema na Magu, na sasa kila mtu amerudi kwenye biashara yake. Mafundisho ya Amri na Sakramenti mmeyapata kwa katekista, na siwezi kumfikia. Mimi ni mama wa dagaa. Huu mwaka wa kumi na saba nipo Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kikristo nimekuwa mtunza hazina mara mbili. Nina machache ya kuwaambia, yale yanayompata mtu Jumatatu asubuhi, Injili ikiwa bado mbichi kichwani na sado, kile kindoo cha kupimia, ipo mkononi.

Kama unauza kitu chochote, anza na kipimo. Maombi ya usiku kucha na mfungo mrefu vitakuja vyenyewe.

Dagaa mkavu ana tabia yake. Akianikwa vizuri kwenye chanja anajikunja. Ukimmimina kwenye sado taratibu, kwa mkono uliolegea, wanasimamiana na kuacha matundu katikati, na sado inaonekana imejaa hadi mdomoni. Itikise mara mbili uone: wanashuka vidole viwili. Kila muuza dagaa anavijua vidole hivyo viwili. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanapasha moto kitako cha sado na kukisukuma kiingie ndani, na ukitazama kwa juu huoni kitu. Kuna na mchanga. Dagaa aliyeanikwa chini anabeba mchanga wake mpaka kwenye mizani, na mteja anaulipia kwa bei ya samaki.

Siku moja zamu ya kusoma ilikuwa yangu kwenye jumuiya, Luka sura ya sita. Nilifika pale panaposema "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika", sauti ikakwama. Nilikuwa nimeisoma mistari ile tangu mafundisho ya Kipaimara nikidhani inahusu baraka za mbinguni. Siku ile niliona meza yangu. Aliyesema maneno yale alikuwa ameyaangalia masoko kwa makini. Anajua kabisa kinachotokea ukisukasuka kitu kikavu ndani ya chombo.

Kesho yake nilitikisa. Gunia lililozoea kunipa sado ishirini likanipa kumi na nane na kidogo. Mume wangu aliuliza kama kuna mtu ameiba. Nilichofanya baadaye ndicho ninachowashauri: nilipandisha bei kwa shilingi mia tano, na kila mteja nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba hii imetikiswa. Injili haikukataza faida, ilikataza faida ya kujificha kwenye matundu. Na sitawadanganya kwamba wateja walimiminika. Wengine walihamia meza ya jirani kwa sababu ya mia tano ile, na hawajarudi hadi leo. Waliobaki ni akina mama lishe, ambao wanajua kuhesabu sahani zinazotoka kwenye sado moja.

Hapohapo niwaonye kuhusu kuugeuza mstari huo. Nilimsikia mnunuzi mmoja, Mkristo mwenzetu, akimwambia mkulima wa viazi vitamu ashindilie gunia na kuliongezea kilemba juu, maana hata Biblia inataka kushindiliwa. Mkulima alicheka kwa unyonge na kuongeza. Ile ni rumbesa, na Wakala wa Vipimo wanaikamata kwa sheria ya nchi kabla hata hatujafika kwenye sheria ya Mungu. Lakini someni mstari wenyewe unavyoanza: "Wapeni watu vitu." Anayeshindilia ni yule anayetoa. Hakuna mahali Yesu alipompa mnunuzi ruhusa ya kumkamua anayeuza. Ukiona andiko kila ukilisoma linakuongezea wewe na kumpunguza mwenzako, rudi ulisome tena.

Sasa mali kauli. Mliokulia mwaloni mnaijua: unachukua mzigo leo kwa neno tu, unauza, unarudi na hela. Hakuna karatasi wala shahidi. Biashara ya ziwa hili inategemea mno mdomo wa mtu. Yesu aliposema ndiyo yenu iwe ndiyo na siyo yenu iwe siyo, alikuwa anazungumzia viapo, na mwaloni ndipo utakapoelewa kwa nini viapo vilimchosha. Anayekuapia kwa jina la marehemu mama yake kwamba Ijumaa hela ipo, huyo mwogope. Wewe usiape. Kama Ijumaa huna, piga simu Alhamisi. Simu ya Alhamisi inakuaibisha kidogo. Ya Jumapili, baada ya kutafutwa siku mbili, inakuondolea jina.

Hapa nina kosa langu la kuwasimulia. Kijana mmoja wa jumuiya yetu alichukua kwangu mzigo wa shilingi laki tatu na ishirini, aupeleke mnadani. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Jumamosi moja, wakati wa maombi ya waamini, kila mtu akitaja nia yake, mimi nikaomba kwa sauti "kwa ajili ya ndugu yetu", nikamtaja jina, "ili Bwana amjalie uaminifu wa kulipa madeni." Kimya. Kuna mtu aliitikia "Ee Bwana twakuomba utusikie" nusu akaishia njiani. Kijana alikuwa amekaa mlangoni. Aliamka akavaa ndala zake akaondoka, na jumuiya hakuja tena kwa karibu mwaka mzima.

Nilijiona nimesali. Katekista akaja nyumbani jioni, hakunikemea, alifungua tu Mathayo sura ya kumi na nane na kunionyesha mpangilio: kwanza unamwendea wewe na yeye peke yenu, asiposikia unachukua mmoja au wawili, ndipo unaliambia kanisa. Mimi nilikuwa nimeanzia mwisho. Jumuiya hizi ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu 1976, uzuri wake ni kwamba nyumba kumi au kumi na tano mnajuana hadi sufuria. Ubaya wake ni huohuo. Mtu akiaibishwa pale, hana benchi la nyuma la kujifichia kama kanisani.

Sura hiyohiyo ina yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi halafu akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Nimesikia ikihubiriwa mara nyingi kana kwamba dinari mia ni vijisenti. Si vijisenti. Wale vibarua wa shamba la mizabibu, mkisoma sura ya ishirini, walipatana dinari moja kwa siku. Kwa hiyo dinari mia ni vibarua vya siku mia moja, zaidi ya miezi mitatu ya jua la mgongoni. Lile ni deni la kweli, linauma, na aliyedai alikuwa na haki ya kudai. Nawaambia hivi ili mtu asije akawafanya mjione wakristo wabovu kwa sababu kusamehe laki tatu kunawauma. Kunauma. Mfano haukutungwa kwa ajili ya madeni yasiyouma.

Kuhusu vibarua, fupi: mama anayekugeuzia dagaa kwenye chanja mlipe jioni ileile. Mwenye shamba alilipa jioni. "Njoo kesho" kwa mtu anayenunua unga wa usiku huu ni njaa unayompa.

Michango ya misiba na harusi kwenye makundi ya simu, ile orodha ya majina na viwango inayotumwa upya kila baada ya saa moja, sijaipatia dawa. Yesu alisema ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue, lakini mle unajua kila kitu. Mimi hutuma kwa mhazini moja kwa moja na kuomba aandike "mwanajumuiya". Mara nyingine anasahau, anaandika jina.

Mnaojishughulisha na uvuvi, mtajaribiwa zaidi mbalamwezi ikitoka. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, mitumbwi inapanda mchangani siku kadhaa. Hela inakata. Siku hizo ndizo anazopita yule wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na ndizo mtu anazokumbuka kuna kokoro, wavu uliokatazwa, limefichwa kwa shemeji. Petro naye alikesha bila kupata kitu, na asubuhi Yesu alimkuta na wenzake wakiosha nyavu zao. Nampenda Petro kwa hilo. Usiku umekuwa mtupu, lakini nyavu zinaoshwa. Basi akiba ya mbalamwezi iwekwe wakati wa giza, hata elfu mbili kwa siku kwenye kikoba. Hii haihitaji muujiza, inahitaji kijitabu.

Na hirizi. Misheni ya Bukumbi ilianza mwaka 1883, na mpaka leo ukipekua kwenye mitumbwi hutakosa kakitambaa kalikofungwa kwa uzi mweusi. Tajiri wako akitaka iwepo na wewe ni kibarua tu, usianze ugomvi katikati ya maji. Sali zako, fanya kazi yako vizuri, na siku ukiwa na mtumbwi wako mwenyewe tutaona umefunga nini.

Yule kijana alirudi. Nilimwendea mwenyewe, bila shahidi, nyumbani kwake kwenye mawe kule juu Mabatini, nikamwomba radhi kwanza kwa yale maombi yangu kabla sijataja mzigo. Alinipa kigoda, tukakaa. Mzigo ulikuwa umelowa na mvua njiani, aliuza kwa bei ya chakula cha kuku, na aliogopa kuniambia. Tangu siku ile amelipa elfu sitini, kwa awamu nne. Ukurasa wake bado upo kwenye daftari langu. Kuna siku naufungua nikitaka kuuchana, nahesabu ada za watoto, naufunga. Jumamosi tunakaa benchi moja, na wakati wa Baba Yetu tukifika kwenye "utusamehe makosa yetu" huwa naangalia chini.