Mtu wa Kiti cha Mbele

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Picha uliyonitumia nimeipata, mdogo wako akanikuzia kwenye simu yake nikaitazama mpaka chaji ikaisha. Unaniuliza: "Baba, huyu aliyesimama mbele ya rubani ni nani, mbona hajafunga mkanda, na watu kama yeye waliishia wapi?" Mtandao wa huku Ikwiriri unakatakata, na jambo lenyewe ni refu. Nimeona niandike.

Hiyo ni F.E.2b, ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza. Injini na rafadha ziko nyuma ya rubani, zinaisukuma ndege badala ya kuivuta, ndiyo maana pua iko wazi kama mtumbwi. Mbele kabisa, upepo wote ukimpiga yeye kwanza, alikaa mwangalizi. Usidanganyike na jina hilo. Kupeleleza mahandaki ya adui ilikuwa kazi yake, lakini yeye ndiye pia aliyekuwa mpiga rashasha.

Rashasha zilikuwa mbili. Moja ilielekea mbele. Nyingine ilifungwa juu ya mlingoti kati yake na rubani, ya kupiga nyuma. Adui akitokea mkiani, mtu huyu aligeuka akatazamana na rubani wake, akapanda juu ya kiti, akafyatua risasi kupitia juu ya bawa la juu. Kuanzia magotini kwenda juu mwili wote uko nje, na ardhi iko maelfu ya mita chini. Angefungwa mkanda asingeweza kugeuka wala kusimama. Miavuli ya kurukia hawakupewa, ingawa wenzao waliopanda maputo ya upelelezi walikuwa nayo. Hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Rubani akikata kona ghafla, mwenzake anamwagika. Sahani ya risasi, ya duara, yenye risasi 47, ikimponyoka wakati wa kuibadilisha, upepo unaipeleka moja kwa moja kwenye rafadha. Kwa hiyo wawili hawa walijuana kwa bega na kwa goti, maana kwa kelele ile hapakuwa na kusikilizana.

Picha yako haina jina, basi nikueleze habari za mmoja aliyesimama pale pale. Frederick Libby alikuwa Mmarekani wa Colorado, mchunga ng'ombe, kazi ya kushinda juu ya farasi na kurusha kamba. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa Kanada, akajiandikisha jeshi la huko. Wakampa lori. Ndiyo, mwanangu, dereva wa lori katika tope la Ufaransa! Unajua mimi nilivyoanza utingo kabla ya kushika usukani, kwa hiyo utaelewa kwa nini nimempenda huyu kuliko marubani wote wenye sanamu.

Likatoka tangazo kwamba kikosi cha anga kinatafuta wapiga rashasha. Akajitolea, bila kuwa na ujuzi wowote wa ndege. Tarehe 15 Julai 1916, siku yake ya kwanza kuvuka mstari wa vita, akiwa na rubani Stephen Price, aliangusha ndege ya Wajerumani. Nadhani farasi walimsaidia: mtu aliyezoea kulenga macho mahali pamoja huku kilicho chini yake kinarukaruka alikuwa ameshajifunza nusu ya kazi. Alipoona rashasha ya nyuma inamyumbia mikononi kwa upepo, alibuni kitako cha kuiegemeza begani. Hiyo ni akili ya mtu wa gereji.

Alihamia na Price kikosi cha 11, na alipomaliza uangalizi alikuwa amehesabiwa ushindi 10, yaani ndege za adui alizozishinda. Akapewa nishani ya Military Cross, akasomea urubani, akaongeza hadi 14. Aliishi mpaka mwaka 1970.

Wengi hawakuishi. Katika kikosi hicho hicho cha 11 alikuwamo Tom Rees, mwangalizi kutoka Wales. Tarehe 17 Septemba 1916 yeye na rubani wake Lionel Morris walikutana na kijana wa Kijerumani ambaye hakuwa bado na jina. Wote wawili walikufa, na yule kijana, Manfred von Richthofen, aliyekuja kuvuma kama rubani wa vita, akahesabu ushindi wake wa kwanza, akaagiza kikombe cha fedha Berlin kujikumbusha. Nawe jua kwamba mwaka mmoja kabla, Richthofen mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha mwangalizi, upande wa Urusi.

Baadaye ikaja Bristol Fighter, ndege nyingine ya Waingereza, mpiga rashasha akahamia nyuma, mgongo kwa mgongo na rubani. Charles Gass, aliyeruka na Alfred Atkey mwaka 1918, alihesabiwa ushindi 39, na hakuna mwangalizi Mwingereza aliyemfikia. Hata hivyo beji ya mwangalizi ilikuwa na bawa moja tu kifuani, ya rubani mawili.

Sasa nije nyumbani kwetu, maana najua hukusimuliwa. Herufi F katika jina la ndege yako inatokana na Farman, Mfaransa aliyejulikana kwa ndege za kusukumwa kwa nyuma. Ndege ya Farman ilipita juu ya delta yetu ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ikitokea Mafia. Ile meli ya Wajerumani, Königsberg, wazee walioiita manowari ya bomba tatu, ilikuwa imejificha kwenye mikoko. Meli za Waingereza, Severn na Mersey, zilipiga mizinga bila kuiona. Aliyeziona risasi zikianguka ni Harwood Arnold, mwangalizi, aliyekuwa juu na rubani John Cull, akiwaelekeza kwa simu ya upepo.

Wajerumani wakaipiga injini ya ndege. Cull akaanza kuishusha ndege mtoni ikiwa imezimika, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho huku wanashuka, mpaka mizinga ikaipata meli sawasawa. Walipogonga maji ndege ikapinduka. Arnold akatupwa nje. Cull alikuwa amefunga mkanda, akazama nao. Alipojinasua akaibuka, alimkuta Arnold yuko kwenye mabaki, anampapasa majini.

Baba yako