Barua kwa mwanangu: kwa nini wawapime kima?

Mwanangu Neema,

Salamu zako nimempa bibi yako, amefurahi. Umeuliza kwa nini wanasayansi wahangaike na kumbukumbu za kima wakati wanaosahau ni wazee wetu, nao wapo.

Wazee wanapimwa, tena sana. Tatizo ni kwamba mtu wa miaka 80 akianza kusahau, ni vigumu kutenganisha uzee na ugonjwa wa Alzheimer, ambao huanza ubongoni miaka mingi kabla ya dalili. Kima wa Asia wanaoitwa rhesus husahau uzeeni, lakini ugonjwa huo hauwapati kwa ukamilifu kama unavyotupata sisi. Na huzeeka haraka, karibu mara tatu ya kasi yetu; mwenye miaka 25 ni kikongwe.

Kipimo chao cha zamani ni rahisi. Kima anaona chakula kikifichwa katika kishimo kimoja kati ya viwili, pazia linashushwa kwa sekunde kadhaa, kisha anachagua. Kijana hapati taabu. Mzee, kadiri anavyosubirishwa ndivyo anavyokosea. Bibi akifika jikoni na kuuliza, "Nimefuata nini huku?", kinachoyumba ni kumbukumbu ya namna hiyohiyo, ya kushikilia jambo kichwani kwa muda mfupi.

Zamani ilidhaniwa kwamba seli za ubongo hufa kwa wingi uzeeni. Watafiti kama John Morrison na Peter Rapp walipochunguza ubongo wa kima wazee, sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, walikuta seli nyingi zipo. Kilichopungua ni vichipukizi vyembamba ambavyo seli hupokelea ujumbe, kama mti uliobaki na matawi yake ila umepukutisha machipukizi. Kwangu hiyo ni habari njema: seli iliyo hai huenda ikasaidiwa.

Mwaka 2011 Amy Arnsten na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba seli hizo kwa kima mzee hufifia wakati wa kusubiri, na zikipewa kemikali fulani, mojawapo dawa ya shinikizo la damu iitwayo guanfasini, huamka tena. Basi dawa hiyo ikajaribiwa kwa wazee, wiki 12. Haikuwasaidia. Wakalitangaza hilo pia, na ndiyo sababu nawaamini.

Kuhusu ukatili, mwanangu, sina jibu la kukuridhisha. Kima hakuombwa ridhaa. Naona afadhali wachache waliotunzwa vizuri kuliko wengi, lakini najua nasema hivyo kwa kuwa mama yangu ndiye anayesahau.

Zile dawa za kuongeza kumbukumbu ulizoziona mtandaoni usinunue. Tuma hiyo hela nimpeleke bibi apimwe presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, maana hayo yanaweza kumsahaulisha mtu na yana tiba.

Baba yako