Nakisi ya asilimia 8: je, kila idara ikatwe sawasawa?

SWALI: Mimi ni mkuu wa kitivo katika chuo kikuu cha umma. Ruzuku ya serikali imepunguzwa, waliosajiliwa ni wachache kuliko makadirio, na bajeti yetu ina nakisi ya asilimia 8. Menejimenti inapendekeza kila idara ikatwe asilimia 8, na shahada zenye wanafunzi wachache zifungwe. Mbili kati ya hizo ziko kwenye kitivo changu. Baraza la chuo linakutana karibuni. Je, mapendekezo haya yanasimama kihesabu? Na walimu wangu niwaambie nini?

JIBU: Mkuu wa kitivo, miaka mingi nimeshika hesabu za vyuo, na mapendekezo haya mawili huletwa karibu kila mara chuo kinapopungukiwa. Nitakujibu bila kuzunguka: la kwanza lisipite kama lilivyo, na la pili lisijadiliwe kabla hujaona mchanganuo wa gharama, shahada kwa shahada.

Kabla ya yote, uliza hiyo ni nakisi ya aina gani. Wakati mwingine chuo hakina upungufu ila fedha zimechelewa: ada huingia mwanzoni mwa muhula, ruzuku huja ikijisikia, mishahara haisubiri. Hilo ni tatizo la mtiririko wa fedha, na kufukuza watu hakulitibu. Wakati mwingine ni pigo la mwaka mmoja. Balaa ni ile nakisi ambayo ingekuwepo hata mwaka ungekuwa mzuri. Namna ya kuitambua: chukua hesabu za miaka mitano, ondoa mapato yasiyojirudia kama mauzo ya ardhi, misaada ya mara moja na malimbikizo yaliyolipwa, kisha ondoa matumizi ya aina hiyohiyo. Baada ya hapo angalia madeni. Kama michango ya pensheni ya wafanyakazi imekatwa kwenye mishahara lakini haijapelekwa kwenye mfuko, basi chuo kimekuwa kikikopa kwa wafanyakazi wake wenyewe, na nakisi halisi ni kubwa kuliko hiyo asilimia 8.

Nakisi isiyoondoka hata mwaka ukiwa mzuri haimaanishi lazima kuna mwizi. Katika miaka ya 1960 wanauchumi William Baumol na William Bowen walieleza jambo hili kwa mfano wa muziki: kipande cha Beethoven cha wapigaji wanne bado kinahitaji watu wanne na dakika zilezile, lakini wapigaji wanataka kulipwa kulingana na mishahara ya leo. Kufundisha ni hivyohivyo. Kiwanda kinaweza kutoa bidhaa mara kumi kwa wafanyakazi walewale. Mhadhiri anayesimamia tasnifu hawezi kusoma sura mara kumi kwa kasi. Kwa hiyo, ruzuku ikipanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei tu, pengo hufunguka kidogo kila mwaka hata chuo kikiongozwa vizuri. Baraza lisipolielewa hili, litatafuta wa kulaumiwa badala ya kutafuta dawa.

Sasa tuje kwenye kukata sawasawa. Tuseme bajeti ni 100. Mishahara na makato yake ni 70, na mwaka huu haiguswi kwa sababu watu wana mikataba. Zinabaki 30. Humo kuna umeme, maji, bima, ulinzi na marejesho ya mikopo. Tuseme 14, nazo hazikatiki. Zimebaki 16. Ukiondoa 8 kwenye 16, umekata nusu. Hiyo "asilimia 8 kwa kila mmoja" kwa kweli ni asilimia 50 ya kemikali za maabara, vitabu, safari za mafunzo kwa vitendo na matengenezo. Weka tarakimu za chuo chako mahali pa hizi zangu. Sijawahi kuona zikitoa picha tofauti sana. Idara iliyokwisha kujibana inaumia kuliko iliyokuwa na matumizi ya ziada, na idara inayoleta mapato inanyimwa nyenzo za kuyaleta.

Matengenezo ndiyo huwa ya kwanza kufutwa, kwa kuwa paa halina mwakilishi kwenye kikao. Chuo kimoja nilichowahi kufanyia kazi kiliahirisha ukarabati wa paa la maabara miaka mitatu mfululizo. Maji yaliingia, na vifaa vilivyoharibika vilikuwa na thamani kubwa kuliko hilo paa. Mimi ndiye niliyeandaa jedwali lililoonyesha "akiba" ile, na bado linanisumbua.

Kuhusu kufunga shahada, hapa ndipo hesabu hupotosha zaidi. Tuseme shahada ndogo inaingiza milioni 45 kwa mwaka, ada na ruzuku ya wanafunzi wake vikijumlishwa, na ofisi ya fedha inasema inagharimu milioni 60. Hasara milioni 15, ifungwe! Lakini fungua hizo 60. Milioni 25 ni mgao wa gharama za utawala, maktaba na majengo. Shahada ikifungwa mgao huo haufutiki, unahamia kwa shahada zilizobaki, na kesho mojawapo ya hizo nayo itaonekana inakula hasara. Milioni 20 ni mishahara ya wahadhiri ambao pia wanafundisha masomo ya shahada nyingine. Gharama inayokoma kweli ni milioni 15: walimu wa muda, vifaa, safari. Unapoteza 45 kuokoa 15. Hata ukiziondoa na nafasi za wahadhiri hao, umeokoa 35 kwa kupoteza 45, na bado hujatafuta wa kufundisha yale masomo mengine.

Hesabu hiyo ina sharti moja. Kama wanafunzi hao wangejiunga na shahada nyingine chuoni hapohapo, mapato hayapotei, na jibu linaweza kugeuka. Kwa hiyo kipimo ni hiki: gharama itakayokoma dhidi ya mapato yatakayoondoka. Zipo shahada zinazoanguka kwenye kipimo hicho, na zikianguka usizitetee kwa hisia. Ila jua kwamba waliokwisha kusajiliwa lazima wamalizishwe, na hiyo ni miaka mitatu au minne kabla akiba haijatimia. Mwezi Septemba 2023 bodi ya West Virginia University, Marekani, iliyokuwa ikikabili nakisi ya takriban dola milioni 45, iliidhinisha kufuta programu 28 na nafasi 143 za wahadhiri. Ukisikia uamuzi kama huo, tazama tarakimu ya pili. Jina la shahada halilipwi mshahara.

Penye fedha ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzipata ni kwenye ratiba. Hesabu ni mara ngapi somo la takwimu au mbinu za utafiti linafundishwa kwenye idara tofauti kwa vikundi vidogo. Vikundi vitano vya wanafunzi 12 vikiwa darasa moja la 60, umefungua vipindi vya walimu wanne, na malipo ya walimu wa muda yanapungua muhula huohuo. Ni kazi ya kuchosha, yenye ugomvi wa nani anamiliki somo, lakini hakuna mwanafunzi anayepoteza shahada yake.

Kusitisha kuajiri watu wapya kunakubalika kwa muda mfupi, mradi nafasi zinazoachwa zirudi kwenye kapu moja la chuo zigawanywe upya. Zikibaki wazi pale zilipoachwa, bahati ndiyo inayopanga chuo, na wanaotangulia kuondoka ni wale wanaotakiwa kwingine. Miradi ya utafiti nayo ichangie umeme, majengo na uhasibu inaoutumia. Akiba ya chuo, kama ipo, itumike kununua muda wa mageuzi yenye tarehe, kamwe si kulipia mishahara ya mwezi.

Kwenye baraza, omba mchanganuo wa gharama zinazokoma kwa kila shahada iliyotajwa, na omba kura isipigwe bila huo. Walimu wako waambie upungufu ni kiasi gani, umetokana na nini, nani ataamua, na siku gani. Usiwaahidi kwamba hakuna atakayeguswa. Waombe orodha ya masomo yanayoweza kuunganishwa, na orodha hiyo iifikie menejimenti kabla ya kikao, ikiwa na saini ya kila mkuu wa idara.