Jozi ya Pili: Kuchagua Viatu vya Mbio Uwezo Wako Unapoongezeka

Anayeanza kukimbia hana haja ya kuumiza kichwa kuhusu viatu. Raba yoyote nzima, isiyombana vidole wala kumpwaya kisigino, itamtosha kwa miezi ya kwanza, kwa sababu katika kipindi hicho pumzi ndiyo inayomshinda, si miguu. Swali gumu huja baadaye, pale anapoweza kumaliza kilomita 10 bila kusimama, anapoanza kutazama saa yake kwa makini, na anapojiandikisha kwa mara ya kwanza katika nusu marathoni. Mara nyingi huo ndio wakati raba za mwanzo zinapokuwa zimechoka, naye anaingia sokoni kutafuta jozi ya pili akiwa na hamu kubwa na ushauri mwingi unaopingana. Naandika kwa ajili ya mtu huyo, kutokana na miaka ambayo nimekimbia hapa Dodoma na kuwasindikiza wenzangu wa kikundi chetu cha joging kwenda kununua viatu.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba ununue kiatu kinachofaa mbio unazokimbia siku za kawaida za juma, si mbio za siku yako bora kuliko zote. Mtu ambaye uwezo wake unaongezeka hupenda kujipima kwa ile asubuhi moja ambayo mwili ulikuwa mwepesi na upepo ulikuwa nyuma yake, kisha anatafuta kiatu cha mkimbiaji wa asubuhi hiyo. Kiatu hicho kitalazimika kumbeba pia Jumanne jioni baada ya kazi, na Jumamosi katika kilomita ya kumi na nane, pale mapaja yanapokuwa mazito na hatua zinapoanza kuburuzika.

Kwa sababu hiyo, mwenzangu anaponiuliza kama amefikia hatua ya kuvaa viatu vyepesi, simwulizi muda wake bora. Namwomba tukimbie pamoja mbio zake ndefu, na zinapokaribia kwisha nabaki nyuma yake nikimtazama, au namrekodi kwa simu. Ikiwa mguu bado unatua chini ya mwili, magoti hayaingii ndani na nyonga haziyumbi, mtu huyo anaweza kuvaa kiatu chepesi chenye kinga ndogo. Ikiwa kisigino kinapiga chini kwa kishindo na mwili umeinama kiunoni, bado anahitaji kiatu chenye soli pana na tulivu, hata kama kasi yake ya kilomita tano inawashangaza watu. Kipimo hiki hakihitaji fedha wala mtaalamu, nami nakiamini kuliko maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi.

Viatu vya mbio za barabarani, kwa ufupi, ni vya namna tatu. Kuna vya mazoezi ya kila siku, vyenye soli nene kiasi na raba ya kutosha chini, vilivyotengenezwa ili vidumu. Kuna vya mazoezi ya kasi, ambavyo ni vyepesi zaidi na soli yake hurudisha nguvu haraka. Halafu kuna vya mashindano, vyenye povu (sponji ya ndani ya soli) laini sana na bamba gumu, kwa kawaida la kaboni, lililolazwa ndani ya soli kwa urefu. Namna hii ya tatu ndiyo inayowavutia wengi kwa sasa, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Viatu vya bamba la kaboni vilienea kuanzia mwaka 2017, kampuni ya Nike ilipoingiza sokoni kiatu chake cha Vaporfly. Vipimo vya maabara vilivyofanyiwa wakimbiaji wenye kasi kubwa vilionyesha kwamba kiatu hicho kilipunguza nguvu waliyotumia kwa wastani wa asilimia 4 hivi, na mabadiliko yaliyofuata yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2020 shirikisho la riadha duniani, World Athletics, liliweka kikomo cha unene wa soli cha milimita 40 kwa mbio za barabarani na kuruhusu bamba moja tu. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ilipimwa kwa watu wanaokimbia kwa kasi ambayo wengi wetu hatuishiki hata kwa kilomita moja. Mwendo ukipungua, faida nayo kwa kawaida hupungua, ilhali ubaya unabaki palepale: soli nene na laini huyumba katika kona na katika hatua za uchovu, na ugumu wa bamba hubadilisha namna mguu unavyobeba mzigo. Madaktari wa michezo wamekwisha kuripoti wakimbiaji waliopata ufa katika mifupa ya katikati ya mguu wakitumia viatu hivi. Huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 200, na povu lake huchoka mapema. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaimarika, fedha hizo zinatosha kununua jozi mbili nzuri za kawaida na akabaki na nauli ya kwenda kwenye mashindano.

Naomba tusisahau historia yetu wenyewe katika jambo hili. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na mwaka mmoja kabla ya hapo alishika nafasi ya pili Boston akiachwa kwa sekunde moja tu. Viatu vya enzi yake vilikuwa na soli nyembamba, navyo vilitangulia bamba la kaboni la leo kwa karibu miaka thelathini. Alphonce Simbu, aliyetoka hapo jirani, Ikungi mkoani Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025 katika zama za viatu vipya, lakini alikwisha kupata medali ya shaba ya dunia London mwaka 2017, wakati viatu hivyo ndiyo kwanza vinaingia. Wakimbiaji wa kiwango hicho hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao za juma kwa viatu vya kawaida vya mazoezi, na vile vya mashindano huvitoa kwenye mfuko kwa siku maalumu. Anayetaka kuwaiga aanzie hapo.

Namba ambayo wauzaji wengi hawaitaji, nami naiona kuwa muhimu kuliko rangi na jina, ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya soli. Katika viatu vingi tofauti hiyo ni kati ya milimita 0 na 12. Kiatu ambacho kisigino chake kimeinuka sana hupunguza kazi ya shavu la mguu na kano ya kisigino, lakini huongeza mzigo gotini. Kilicho bapa hufanya kinyume chake. Ikiwa umekimbia mwaka mzima kwa kiatu cha milimita 10 bila maumivu, ukahamia ghafla kwenye cha milimita 2 kwa sababu umesikia kuwa ndicho cha asili, mashavu ya miguu yatakulipiza. Kaa karibu na kile ambacho mwili wako umekizoea, na ukitaka kushuka, shuka kidogo kidogo, jozi baada ya jozi. Uzito nao una nafasi yake: gramu 100 zinazoongezeka katika kila kiatu huongeza nguvu unayotumia kwa takriban asilimia 1. Ni kiasi cha kujali ukiwa unatafuta dakika chache, lakini si cha kukufanya uache kinga ambayo miguu yako bado inaihitaji.

Sasa nije kwenye ardhi yetu, kwa kuwa viatu vingi vilibuniwa na watu waliofikiria njia za miji yao, ambazo si kama zetu. Anayekimbia Dodoma hukanyaga lami safi na pana kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali, hupanda miinuko ya kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha huingia katika njia za vumbi na changarawe za Ntyuka au Nzuguni, mara nyingi katika asubuhi moja. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, jua lake ni kali, na kati ya Desemba na Aprili mvua hugeuza sehemu zenye udongo mweusi kuwa tope linalonata kwenye soli mpaka mguu unakuwa mzito usioinuka vizuri. Katika mazingira haya kagua kwanza upande wa chini wa kiatu. Viatu vingi vyepesi vina povu lililo wazi bila raba ili kupunguza uzito, na povu hilo hukatwa na kokoto kali, huku miiba ya migunga na mbigili ikilitoboa na kubaki humo mpaka imfikie mwenye kiatu. Tafuta soli iliyofunikwa raba kisiginoni na mbele, yenye meno mafupi. Meno marefu ya viatu vya milimani hayafai kwa mtu ambaye nusu ya njia yake ni lami, kwa kuwa huisha upesi na hukufanya uhisi kama unakimbia juu ya vigingi.

Kitambaa cha juu nacho kinataka kufikiriwa. Chenye matundu makubwa hupitisha hewa vizuri wakati wa joto, lakini huingiza vumbi laini jekundu, na vumbi likichanganyika na jasho ndani ya soksi huleta malengelenge. Mimi huchagua kitambaa kilichofumwa kwa kubana kidogo na kuvumilia joto, ingawa wapo wenzangu wenye miguu inayotoka jasho sana ambao wamechagua kinyume na wanaendelea vizuri.

Kuhusu saizi, usitegemee namba ya kiatu chako cha ofisini. Simama ukiwa umegusisha kisigino ukutani juu ya karatasi, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu zaidi, upime kwa sentimita miguu yote miwili, kisha ufuate ule mrefu. Fanya hivyo jioni, baada ya kutembea, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi katika mbio ndefu za joto. Kati ya kidole na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wanaopoteza kucha baada ya mbio zenye miteremko mara nyingi walinyimwa nafasi hiyo dukani.

Wengi wetu hununua mitumba, na sioni aibu yoyote katika hilo, maana viatu bora ambavyo nimewahi kuona vikivaliwa katika kikundi chetu vilitoka kwenye marundo ya mitumba. Jambo la lazima ni kuvikagua kwa utulivu. Weka kiatu juu ya meza au sakafu tambarare na ukitazame kutoka nyuma. Kikiegemea upande mmoja, aliyekivaa kabla yako amekwisha kukikunja kwa mwendo wake, nacho kitakukunja wewe. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: povu lililo hai huzama kidogo na kurudi, lakini lililokufa lina mikunjo mingi ya pembeni na halirudi, kama godoro la sponji lililolaliwa miaka mingi. Kunja kiatu kwa mikono miwili. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Fungua ulimi usome kibandiko cha ndani, ambacho katika viatu vingi kina tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu povu na gundi huzeeka hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa, na nimewaona watu wakiachwa na soli barabarani kwa viatu vilivyoonekana vipya kabisa. Kuhusu viatu vya kaboni vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, vichukulie kuwa ni feki mpaka uthibitishe vinginevyo.

Lipo jambo moja ambalo naona linatia watu hofu isiyo na sababu, nalo ni hadithi ya kulowesha unyayo, kukanyaga karatasi na kuchagua kiatu kwa umbo la alama iliyobaki. Tafiti kubwa zilizofanywa kwa askari wapya wa Marekani zililinganisha waliopewa viatu kwa umbo la unyayo na waliopewa aina moja bila kujali umbo, na idadi ya walioumia haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kiatu ambacho mguu unakiona kizuri tangu hatua za kwanza, ukijaribu kwa kukimbia na si kwa kusimama mbele ya kioo, kina nafasi kubwa ya kukufaa.

Ukiwa na uwezo wa kununua jozi mbili kwa mwaka, nunua zote mbili karibu karibu na uzitumie kwa zamu: moja ya mazoezi ya kila siku, nyingine nyepesi kidogo kwa siku za kasi. Utafiti uliofanyika Luxembourg kwa wakimbiaji 264 ulionyesha kuwa waliotumia zaidi ya jozi moja kwa kupokezana walikuwa na hatari ya kuumia iliyo ndogo kwa asilimia 39. Ukiwa na fedha ya jozi moja tu, chukua ya mazoezi ya kila siku, iliyo nyepesi kuliko raba zako za mwanzo lakini si kwa kiasi kikubwa, na ukimbilie mashindano hayohayo.

Jozi mpya ivae kwanza katika mbio fupi za taratibu kwa majuma mawili au matatu, huku ile ya zamani ikiendelea kubeba mbio ndefu, kisha zibadilishane kazi. Ukivifua, vikaushe kivulini vikiwa vimejazwa magazeti, si juu ya bati la jikoni, kwa kuwa jua letu huua povu na gundi. Andika tarehe ya kuanza kuvitumia upande wa ndani wa ulimi, na ukifika kilomita 500 uanze kuvibonyeza na kuvitazama kutoka nyuma kama ulivyofanya sokoni, kwa maana vingi huishia mahali fulani kati ya hapo na kilomita 800. Wakati huo ukifika, mwombe mwenzako akutazame tena katika kilomita za mwisho za mbio ndefu kabla hujaamua jozi ya tatu itakuwa ya namna gani.