Maswali ya Wasomaji: Nimeshinda Kesi, Pesa Sijaziona

Shikamoo mzee. Mimi ni mama lishe, niko Buguruni. Nilikuwa nawapikia mafundi wa jengo moja Tabata, msimamizi wao anachukua kwa daftari na kulipa mwisho wa mwezi. Jengo lilipokwisha akatoweka na deni la shilingi 2,340,000. Nikamshtaki Mahakama ya Mwanzo. Kesi iliahirishwa mara sita, mwishowe nikashinda. Mwaka umepita, hukumu nimeitia kwenye nailoni, pesa sijaona hata mia. Yeye ana bajaji mbili barabarani na akiniona ananipigia honi. Jirani ananishauri nitafute vijana wakamate moja. Mahakama ilinisaidia nini?
Mama Wali Maharage, Buguruni

Marahaba mwanangu. Hao vijana waache kabisa. Leo unadai, keshokutwa uko kizimbani kwa wizi wa bajaji, na shahidi wa kwanza ni huyohuyo mdaiwa wako.

Sasa nikwambie jambo ambalo miaka 31 ya ukarani wa mahakama sikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Mahakama ikishatoa hukumu haimfuati mdaiwa. Inakusubiri wewe. Kuna ombi jingine la kupeleka, linaitwa kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama imlazimishe mdaiwa alipe, na usipolipeleka jalada lako linakaa masijala linakula vumbi, hata ushindi uwe mtamu vipi. Nimegonga mihuri mingi kwenye nakala za hukumu. Mama mmoja aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, pale mnapofunga pesa, akaniaga anacheka. Nilijua kabisa kwamba hajui safari ndiyo kwanza inaanza. Nikamwita anayefuata. Lile pindo naliona mpaka leo.

Rudi mahakama ileile na nakala yako, uombe kukaza hukumu. Siku 30 alizokuwa nazo mdaiwa wako za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya zimeshapita. Hata akizuka leo kuomba aongezewe muda, ombi lake peke yake halizuii kitu mpaka mahakama iamuru. Ataitwa aeleze kwa nini hajalipa. Asipokuwa na la maana, mali yake inaweza kukamatwa na dalali wa mahakama na kupigwa mnada.

Hapo kazi ni yako, maana mahakama haina mpelelezi wa kutafuta mali za watu. Andika namba za hizo bajaji, zinapolala, kijiwe zinapopaki, na nani anapokea hesabu jioni. Hakimu ukimwambia tu "ana mali nyingi" utakuwa hujamwambia kitu. Jiandae pia kusikia kwamba moja ni ya shemeji yake. Ndiyo desturi yao, na huyo shemeji itabidi asikilizwe. Waombe kadi ya usajili iwekwe mezani. Kitanda chake, nguo na vyombo vya kupikia havitaguswa, sheria inamwachia. Zana za kazi nazo zinalindwa, kwa hiyo atadai bajaji ndiyo jembe lake. Muulize mbele ya hakimu anaendeshaje mbili kwa wakati mmoja.

Mimi mwenyewe, na ukarani wangu wote, nilimshinda fundi samani aliyekula 850,000 zangu za makabati. Dalali alipofika akakuta kitanda, sufuria na randa. Tukaelewana mbele ya hakimu alipe 50,000 kila mwezi. Alilipa miezi mitano, akahamia Chamazi, simu ikawa haipatikani. Basi, na mimi ni mshindi kama wewe.

Watu wakizisema mahakama wanakimbilia rushwa. Ipo, sitakudanganya. Lakini nilichokiona pale kaunta, kinachowamaliza wanyonge ni nauli. Kuahirishwa mara sita ni siku sita hukubandika sufuria. Katiba, ibara ya 107A, inaagiza haki itendwe bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, na isicheleweshwe bila sababu ya msingi. Maneno mazuri, ila mwenye bajaji mbili anaweza kuvumilia kuahirishwa hata mara ishirini. Wewe huwezi. Tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, na Mahakama ya Mwanzo ilikizungumza tangu zamani. Kukaza hukumu ni Kiswahili kitupu, na bado hukukijua, kwa sababu sisi tuliokuwa nyuma ya kaunta tulinyamaza.

Usimlipe mtu akuandikie barua nje ya geti. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na asiye na uwezo hahudumiwi kwa pesa. Hapa Dar wapo pia LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Ombi likikaa muda mrefu bila tarehe, kamwone hakimu mfawidhi, yule msimamizi wa mahakama, na uende na ile nailoni.

Mzee, mimi ni mlinzi Gongo la Mboto. Nimeachishwa kazi wiki tano zilizopita, na mshahara wa mwezi wa mwisho sikupewa. Nasikia kulalamika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mwisho ni siku 30. Nimeshachelewa?
Mlinzi

Kwa kuachishwa, ndiyo, umepitiliza siku tano. Itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze kilichokuchelewesha. "Sikujua sheria" haitoshi, kama uliugua beba cheti. Lakini mshahara ni dai jingine, lina siku 60, na hilo bado uko ndani. Kufungua hakulipiwi. Nenda kesho asubuhi, na kama hukupewa mkataba, chukua kitambulisho cha kazi na zile meseji za kupangiwa lindo. Usizifute.